Askari akiwa misheni: maisha ya kambini, na habari anazozitamani kutoka nyumbani

Mleta uzi

Wakuu, kila uzi wa jeshi unaofunguliwa humu huishia kwenye mambo mawili, posho na silaha. Leo naomba tuongelee la tatu, ambalo wenye waume, kaka na watoto walioko misheni huniuliza pembeni: huyu mtu anaishije huko, na mbona akipiga simu anakuwa mkavu hivi?

Mimi ni mstaafu wa JWTZ. Nilikwenda Kongo, tukawa Beni, Kivu Kaskazini, mwaka 2018 kuingia 2019. Namba ya kikosi, mpangilio wa malindo na majina ya wenzangu sitayataja, na naomba msiniulize. Mengine nitayasema bila kuficha.

Kwa wasiofahamu, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndizo zilizotoa askari wa ile brigedi maalumu ya MONUSCO (misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo) iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013. Hii haikuwa ya kulinda amani kwa kukaa na kutazama. Ilipewa ruhusa ya kuwafuata waasi na kuwapiga. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Mwisho wa 2013 waasi wa M23 walikuwa wamesambaratishwa upande wa Goma, uzito wa kazi ukahamia Beni, kwa ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Hao ni watu wa msituni. Huwaoni mchana, wanatokea gizani, wanaua raia na kutoweka.

Sisi tulifika ikiwa bado haujapita mwaka tangu shambulio la Semuliki. Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi yetu ya Semuliki kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango ilivamiwa. Vijana 15 wa Tanzania walikufa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kwa hiyo unaposikia askari anaaga mkewe kwenye kambi ya mafunzo ya Msata baada ya mazoezi na kukabidhiwa bendera, elewa kwamba wote wawili wanajua. Mke anajua, mume anajua, na hakuna anayelitaja hilo. Wanaongelea ada ya shule na bati la jikoni linalovuja.

Sasa kambini. Beni iko zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na alfajiri kuna ukungu na baridi ambayo sisi wa Pwani hatukuitegemea. Kabla hakujapambazuka kila mtu yuko kwenye handaki lake, silaha mkononi, kimya, maana alfajiri na magharibi ndizo saa adui anazozipenda. Kukishakucha mnatoka kwenye mahandaki, mnasafisha silaha, mnafanya usafi wa eneo, mnaoga maji ya baridi, mnakunywa chai. Wa doria wanatoka na magari, wengine wanasindikiza misafara, wengine wanakwenda kulala kwa sababu usiku walikuwa lindo. Waliobaki hawakosi kazi: kujaza mifuko ya mchanga, kuchimba mifereji ya maji ya mvua, kukaza kamba za mahema. Udongo wa kule ukilowa unanata kwenye buti mpaka unahisi umebeba kilo mbili kila mguu. Kombati ukiifua Jumatatu, Jumatano bado ina unyevu.

Chakula hakuna aliyelala njaa, nisiseme uongo. Umoja wa Mataifa unaleta mchele, kuku wa barafu, mikate, makopo, juisi. Shida ni kwamba ni chakula kisichokukumbusha mtu yeyote. Mwenzetu mmoja wa Kigoma alikuwa amebeba dagaa wakavu kwenye begi, kavifunga ndani ya soksi mpya ili harufu isitoke. Jumapili moja akavitoa. Alivikaanga kwa kitunguu na nyanya kwenye sufuria ya mpishi, na watu wa hema zima wakaja kusimama pale, wengine wameshika sahani, wengine wamekuja mikono mitupu. Hakuna aliyepata zaidi ya vidole vitatu vya mboga juu ya ugali. Sajenti wetu, mtu mzima, mgumu, asiyecheka na mtu, alimaliza akakaa na sahani yake muda mrefu. Baadaye akaniambia, "Mama yangu huweka ndimu." Akanyanyuka akaenda.

Watu hudhani ugumu wa misheni ni risasi. Risasi zikilia mafunzo yanakushika, huna nafasi ya kumuwaza mtu. Ugumu ni saa nane mchana, mvua inanyesha juu ya turubai, zamu yako ni ya usiku, usingizi umekataa. Hapo ndipo nyumbani hukujia. Na hakukujii mambo makubwa. Nilikuwa nawaza mlango wetu wa uani, ambao ukiufunga bila kuuinua kidogo haufungi. Nikawa najiuliza kama wanakumbuka kuuinua.

Nitaendelea. Leteni maswali.

Mchangiaji, Songea

Afande shikamoo. Uzi mzuri. Ila tuambie ukweli, si ndiyo mnaenda kutengeneza dola huko? Binamu yangu alirudi akajenga.

Mleta uzi

Marahaba. Nitajibu hili mara moja tuendelee.

Umoja wa Mataifa hulipa serikali, haulipi askari mkononi. Kiwango kwa askari mmoja kwa mwezi kilikuwa dola 1,428 kuanzia Julai 2018, na ni sawa kwa nchi zote. Serikali ndiyo humlipa askari wake kwa utaratibu wake na cheo chake. Kinachomfikia askari moja kwa moja kutoka UN ni posho ndogo ya dola 1.28 kwa siku, pamoja na kiasi kidogo cha siku za mapumziko. Ndiyo, mtu akijibana anaweza kurudi akanunua kiwanja. Lakini hesabu hiyo ikishafika kwa ukoo, simu zinabadilika. Shangazi ambaye hajakupigia tangu umalize kozi anakutafuta. Kijana yuko kitandani Beni, amerudi doria, anafungua simu anakuta ujumbe saba, sita vya kuomba hela. Wa saba ni wa mkewe, na kwa uchovu wa kuwajibu wale sita, huo wa mke anaujibu kwa neno moja.

Ukavu wa simu chanzo chake kimoja ni hicho.

Mchangiaji, Gilgil

Asante sana kwa uzi huu. Mimi ni mke wa mwanajeshi wa KDF, jeshi la Kenya, tunaishi kambini. Bwanangu amewahi kuwa Somalia, vijana wetu wako huko tangu Oktoba 2011.

Nataka niseme upande wa sisi tunaobaki. Ile Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2016, kambi ya vijana wetu ya El Adde, Somalia, ilipovamiwa, bwanangu hakuwa kambi hiyo, alikuwa upande mwingine kabisa. Lakini mimi ningejuaje? Redio inasema Somalia, simu yake haipatikani. Wamama wote wa laini yetu tulikusanyika kwa jirani mmoja, kila mtu na simu yake mkononi, hakuna anayeongea. Simu ya mtu ikilia tunashtuka wote. Ilipofika jioni ya Jumapili akanipigia, akasema tu "niko sawa, salimia watoto", akakata. Nilikasirika, wallahi. Nilikuwa nimekufa mara ngapi siku hizo na yeye ananipa maneno manne.

Leo nikisoma hapa ndio naanza kuelewa. Lakini bado nauliza, kwa nini hamsemi?

Mleta uzi

Shemeji, pole sana kwa siku zile. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kwanza, mahali pa kupigia. Hapakuwa na faragha. Pale kwetu mtandao ulishika vizuri sehemu moja tu, karibu na tangi la maji, na jioni wanaume wanasimama pale kwa hatua mbili mbili, kila mmoja anaongea na mkewe. Utamwambia mkeo umemkumbuka, na kuruta aliye chini yako kasimama begani kwako?

Pili, saa. Mashariki ya Kongo iko nyuma ya kwetu kwa saa moja. Tukimaliza kula, kuitwa majina na kupangiwa zamu, kwangu ni saa mbili na nusu usiku, kwa mke wangu ni saa tatu na nusu. Watoto wamelala, yeye mwenyewe kachoka tangu alfajiri. Mnakutana mkiwa mmeishiwa nguvu wote wawili.

Tatu, na hili ndilo zito, kuna vitu huruhusiwi kuvisema, na kuna vitu hutaki. Umetoka asubuhi mmekuta kijiji kimechomwa. Ukiiondoa hiyo stori, kinabaki nini cha kusimulia kuhusu siku yako? Kinabaki "niko sawa, salimia watoto". Hayo maneno manne aliyokupa yalikuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo yanayofaa kuingia sikioni mwako. Na kuyatoa pia alihangaika kupata mtandao, naamini.

Ndiyo maana nasema mzigo wa kuongea uchukuliwe na nyumbani. Na siyo kuongea mambo mazito. Mke wangu, Mungu amtunze, aligundua hili mwenyewe bila kufundishwa. Kwa kuwa nilikuwa siwapati watoto macho, alianza kuwarekodi wakati wa chakula cha jioni na kunitumia sauti kwa WhatsApp. Hawaambii wanarekodiwa, simu anaiegesha kwenye kabati la vyombo. Nikitoka lindo saa nne usiku, maana lindoni simu ni marufuku, nawasikiliza. Mdogo anabishana na dada yake nani kala kipande kikubwa cha muhogo. Mama anasema msimwage maji. Mlango wa uani unabamizwa. Mtu anasema "uinue kwanza!"

Nilisikiliza sauti ile mpaka nikaijua kwa moyo. Hakuna aliyenitaja, hakuna aliyesema baba tumekukumbuka, na ndiyo iliyonifikisha nyumbani kuliko simu zote.

Wanawake wengi hudhani habari ndogo zitamsumbua askari, kwamba ana mambo makubwa. Ni kinyume chake. Kuku katotoa, jirani kapaka rangi ukuta, mtoto kang'oka jino, fundi kamaliza bomba, mchungaji kahamishwa. Mtumie hayo. Yanamwambia kwamba kuna mahali ambapo maisha yanaendelea kwa kawaida na nafasi yake bado ipo.

Mchangiaji, Beni

Jambo sana bandugu. Mimi niko mtoto wa Beni, nimezaliwa Boikene. Nasoma hii na roho inaniuma kwa pande mbili.

Afande, wewe unasema ulifikiria nyumba yako. Sisi nyumba zetu zilikuwa pale pale. Watu walikuwa wanauawa Oicha, Mbau, Mayimoya, wengine karibu na kambi ya MONUSCO, na watu walikuwa wanasema: hawa wako na magari, wako na helikopta, wanafanya nini? Novemba 2019 watu walikasirika, walichoma ofisi ya MONUSCO kwetu Boikene. Ndugu yangu mdogo alikuwa kati yao.

Lakini mama yangu alikuwa anauzisha ndizi kwa barabara ya Mavivi, na watanzania walikuwa wanapita wanamwita "mama, shikamoo". Wengine wa MONUSCO walikuwa hawawezi kusema naye hata neno. Alikuwa anasema, hawa wako na mama zao fasi fulani, nao wanawalilia. Siku ya kuchoma, alimunyima ndugu yangu chakula kwa hasira, siku mbili.

Mleta uzi

Ndugu yangu, asante kwa kuja, na msalimie mama sana. Pengine nilinunua ndizi zake.

Sitabishana nawe. Wakati ofisi ya Boikene inachomwa nilikuwa nimesharudi, nikaiona kwenye simu. Sikuwakasirikia. Mtu aliyezika watoto wa jirani hawezi kuambiwa asubiri mamlaka ya azimio yapitiwe upya. Tulipokuwa kule tulikuwa tunasikia milio usiku, mbali, na kusubiri amri, na kuna usiku amri ilikuja asubuhi. Hayo huwa hayamtoki mtu. Nilikuwa nikipita mjini nikaona mtoto wa rika la mwanangu kasimama barabarani ananitazama bila kupunga mkono, najua anachokifikiria. Halafu jioni nakwenda pale kwenye tangi la maji kumuuliza wangu kama amefanya hesabu za shule.

Mwaka ule pia kulikuwa na ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, jirani na Beni. Tukakatazwa kushikana mikono. Kila geti mnapimwa joto kwenye paji la uso, mnanawa maji ya klorini yanayochubua ngozi. Kwa mtu aliyelelewa kumpa mkubwa mkono, kumpita mama wa watu na kumpa shikamoo umeficha mikono nyuma ni adhabu. Tulizoea kugonga viwiko, lakini haikuwahi kuwa salamu.

Na Novemba ile ya 2018 kulikuwa na operesheni ya Kididiwe dhidi ya ADF. Tulipoteza watu, sisi na wenzetu wa Malawi, wao zaidi. Hapa nataja jina moja kwa sababu dunia nzima inalijua: Chancy Chitete, askari wa Malawi. Koplo wetu alijeruhiwa vibaya, hawezi kutembea, risasi zinapigwa. Chitete akamvuta mpaka mahali salama na kumhudumia, naye akapigwa hapo hapo. Koplo wetu aliishi. Chitete alifariki. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, ile inayobeba jina la Msenegali aliyeokoa watu Rwanda mwaka 1994, na mjane wake ndiye aliyekwenda New York kuipokea kutoka kwa Katibu Mkuu.

Ninalotaka mjue ni kwamba Wamalawi tulikuwa tunabadilishana nao sukari na vocha, tunacheza nao mpira. Baada ya Kididiwe uwanja ulikaa kimya. Kuna wake zetu huku Tanzania ambao hawajui kwamba mume alirudi kwa sababu mke wa mtu mwingine, nchi nyingine, hakurudiwa na wake.

Mchangiaji, Bukoba

Shikamoo baba. Baba yangu alikuwa vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Mimi nilikuwa tumboni. Mama anasema tangu alipoondoka hakupata barua hata moja, alijua yuko hai siku alipomwona anashuka kwenye lori baada ya Kampala kuanguka, na alikonda hadi alimpita bila kumtambua. Nyie mna WhatsApp na bado mnalia? Siulizi kwa ubaya. Nataka kujua kama simu imesaidia kweli.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na mzee wako apewe heshima yake.

Imesaidia sana, na imeleta maumivu yake. Zamani habari mbaya ilipitia kwa afande, inakufikia na mtu wa kukushika bega. Sasa inakufikia popote. Kijana mmoja wa hema letu alijua kwamba baba yake amefariki kwa kuona status ya binamu yake: picha ya mzee, mshumaa, "pumzika kwa amani". Familia ilikuwa inajadiliana nani amwambie na lini, wakachelewa. Ilikuwa mchana, yuko kwenye foleni ya chakula. Aliniletea simu akaniuliza, "Afande, huyu si baba yangu?" kama mtu asiyeamini macho yake. Mazishi yalikuwa kesho yake. Hakuwahi.

Kwa hiyo wenye ndugu misheni, chonde chonde. Msiba au ugonjwa mkubwa ukitokea, chagueni mtu mmoja wa kumjulisha, na mwambieni ukoo mzima usipandishe kitu mtandaoni mpaka awe ameambiwa. Nendeni pia kikosini alikotoka mkatoe taarifa, ili kamanda wake kule apate kujua, amtafute mwenyewe na amwondoe kwenye zamu ya usiku ule. Mtu aliyetoka kupata habari ya hivyo asikae lindo na silaha peke yake.

Na msimfiche. Kumficha ni kosa lile lile kwa sura nyingine. Akija kugundua mlimdanganya kuhusu homa ya mtoto, kila "hatujambo" mtakayosema baada ya hapo ataitafutia maana ya pili.

Lakini simu hiyo hiyo ilitupa tarehe 24 Machi 2019. Taifa Stars na Uganda, Jumapili. Tulikuwa tumejazana mbele ya televisheni moja, walio zamu wanaletewa matokeo kwa mkimbiaji. Msuva akafunga la kwanza, Nyoni la penalti, Aggrey Morris la tatu. Tatu bila, tumefuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Wanaume wazima tulikumbatiana, ebola tukaisahau dakika nzima mpaka daktari wa kikosi akatufokea. Nikampigia mwanangu, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke hakuniuliza narudi lini. Alikuwa anapiga kelele tu, na mimi napiga kelele, hakuna aliyemsikia mwenzake. Simu ikaisha salio na wala sikujali.

(Mwezi uliofuata Simba ikafungwa nne moja na TP Mazembe, Lubumbashi. Wakongo wa mjini walitukumbusha kila tulipopita getini. Tuliyapokea.)

Mchangiaji, Dodoma

Afande na kurudi je? Kila mtu anasubiri ile siku. Kaka yangu alirudi, nikaona kama ndoa ilikuwa na amani zaidi akiwa mbali.

Mleta uzi

Hili halisemwi, nashukuru umelisema.

Ukiwa kule unaihifadhi nyumba kichwani kama ulivyoiacha. Unarudi unakuta imetembea. Mke wangu kwa muda wote ule aliamua kila kitu: shule, mgonjwa, fundi, mkopo wa kikundi. Alikuwa kamanda wa ile kambi na aliiendesha vizuri. Mimi nikaingia na kuanza kutoa amri. Mtoto anataka kwenda kucheza, niko mbele yake kabisa, ananipita anakwenda jikoni kumwomba ruhusa mama yake. Inauma, lakini mtoto hana kosa, kafuata utaratibu alioukuta.

Kwetu kilichosaidia ni mama mkwe, aliyeniita kando akaniambia, "Baba, kaa kama mgeni kwanza. Uliza kabla ya kugusa." Nikakaa kama mgeni. Nikauliza dawa inawekwa wapi siku hizi, nani anamchukua mdogo shuleni, kwa nini tunanunua mkaa kwa huyu na siyo yule wa zamani. Taratibu nikapewa kazi moja, halafu ya pili.

Usiku ni jambo jingine. Wanaoamka na kukaa kitandani saa kumi, wanaoshtuka mlango ukibamizwa, wasifichwe na wasichekwe. Hospitali za jeshi zina watu wa kuongea nao. Mwambie twende wote, usimwambie nenda.

Mchangiaji, Morogoro

Shikamoo afande. Nimesoma uzi wote nikilia. Mume wangu yuko Msata, wanaondoka mwezi ujao kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tuna watoto wawili, wa pili hajaanza kutembea. Naomba uniambie nifanye nini hasa, siku hizi chache zilizobaki.

Mleta uzi

Marahaba shemeji. Pole kwa maandalizi, na hongera kwa kuuliza mapema.

Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Akipiga saa mbili usiku kwake, kwako ni saa nne. Kwa hiyo kubalianeni siku moja ya wiki, mchana, Jumapili baada ya ibada ni nzuri, ambayo watoto wako macho. Siku nyingine tumianeni sauti, kila mtu asikilize akipata nafasi. Akikosa kupatikana Jumapili hiyo usihesabu mabaya kwanza, mitandao ya kule huzima na doria huchelewa. Tafuta namba ya mke wa mwenzake mmoja wa kikosi kimoja, muwe mnapeana habari.

Huko watu wanaongea Kisango na Kifaransa, siyo kama Beni ambako tulinunua ndizi kwa Kiswahili. Atakuwa mpweke zaidi nje ya geti. Mtumie maneno mengi.

Mambo ya benki, ada, na nani ana kauli juu ya hela ikiwa ndugu watakuja kuomba, yamalizeni sasa mkiwa mmekaa pamoja, na awaambie ndugu zake yeye mwenyewe kwa mdomo wake kwamba umeachiwa wewe. Isije ikaonekana wewe ndiye unayebana.

Huyo ambaye hajatembea, mchukue video akianza, usisubiri ajue vizuri. Aione hatua ya kwanza na kuanguka kwake. Mkubwa mwambie ukweli wa umri wake: baba anakwenda kazini mbali, atarudi. Usimwambie anarudi kesho kutwa.

Kwenye begi mwekee dagaa, zifunge vizuri, na iliki au tangawizi ya chai, na picha ya familia iliyochapishwa studio, ndogo ya kuingia mfuko wa kombati. Za kwenye simu hazitoshi, simu huisha chaji na huachwa hemani wakati wa doria.

Akishafika na akipiga ya kwanza, rudi humu utuambie.